Kuchimba Goma bila kukata bomba wala waya: hatua kwa hatua

Vitabu vya ujenzi vinasema bomba la maji lilazwe karibu mita moja chini ya ardhi, na waya wa umeme sentimita 60 hadi 80. Hapa Goma usikitegemee kipimo hicho hata mara moja. Mji umekaa juu ya mwamba wa volkano, na fundi aliyetumwa kulaza tiyo (bomba la maji) alichimba mpaka mtalimbo ukakataa, akailaza hapohapo, akafunika kwa kokoto, akaondoka. Ndiyo maana kuna tiyo zilizo kina cha vidole vinne tu, na nyingine zimetambaa juu ya jiwe waziwazi, watu wanaziruka wakipita. Lakini mahali ilipopita lava ya tarehe 17 Januari 2002, kutoka upande wa uwanja wa ndege, katikati ya mji, hadi ziwani, vilivyokuwa ardhini vimefunikwa na jiwe la mita moja, mbili au zaidi, na juu ya jiwe hilo watu wamejenga upya na kuvuta tiyo mpya. Kwenye avenyu moja unaweza kuwa na mitandao miwili: wa juu unaofanya kazi, na wa chini ambao hakuna anayekumbuka kama ulifungwa.

Ninayoyaandika hapa ni ya kapita (msimamizi wa vibarua), fundi na mwenye parsele (kiwanja) anayetaka kuchimba msingi, fosi septiki (shimo la maji machafu), tangi la maji ya mvua au mtaro wa ukuta.

Kwanza tujue hatari yenyewe. Mahali penye udongo mzito, bomba likipasuka utaona tope na maji yakibubujika. Goma maji yanazama kwenye nyufa za lava bila kuonekana, na watu wa chini ya avenyu wanajua tu kwamba robine, yaani bomba la kufungulia maji, imekauka. Tena maji yetu huja kwa zamu. Presha ikishuka, bomba lenye tundu huvuta ndani uchafu ulio kando yake, na kando yake mara nyingi kuna choo cha shimo. Mji huu uliona kipindupindu cha 1994 kikiua maelfu ya wakimbizi ndani ya wiki chache. Ugonjwa huo haujawahi kuondoka kabisa kando ya Ziwa Kivu. Mtu anayetoboa tiyo na kuifukia kimya anawawekea majirani zake sumu kwenye ndoo.

Hatua ya 1: Chora mahali pa kuchimba

Kabla kibarua hajashika sururu, chora kwenye karatasi parsele yako, nyumba, ukuta, choo, avenyu, na shimo unalotaka. Andika urefu, upana na kina. Kisha nenda uwanjani ukapige vigingi vya miti na kuzungusha kamba, au utie alama kwa chokaa nyeupe. Ongeza mita mbili kila upande wa shimo, kwa sababu huko ndiko mtakakorusha mawe na kuegesha mashine, na uzito wa lori unaweza kuvunja tiyo ya juujuu kabla hamjachimba chochote.

Mchoro huu ndio utakaoubeba ofisini. Mtu akienda na maneno matupu anajibiwa kwa maneno matupu.

Hatua ya 2: Tembea, tazama, uliza

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na haigharimu hata faranga moja. Tembea polepole kuzunguka parsele, kisha panda na kushuka avenyu nzima.

Tafuta boksi la konteri (mita) ya maji. Kutoka hapo tiyo inakwenda pande mbili, kwenye bomba kubwa na kwenye robine ya nyumba. Lakini usichore mstari ulionyooka kati yake. Kwenye lava fundi hufuata ufa na bonde la jiwe, kwa hiyo tiyo ya Goma inapinda kila inapokutana na kichwa cha mwamba. Tafuta vifuniko vya chuma au vya saruji, vali, na robine ya barabarani. Tazama nguzo za umeme moja moja. Nguzo ambayo waya unateremka ubavuni mwake ndani ya bomba la chuma au plastiki inakuambia kwamba waya huo umeingia ardhini, na lazima utokee mahali pengine. Usiondoke mpaka ujue unakotokea. Tazama pia minara ya simu na mahoteli: nyaya za intaneti zinazopita chini huelekea huko. Mstari wa kokoto mpya, lami iliyobandikwa kiraka, saruji yenye rangi tofauti na ya kando yake, vyote ni makovu ya mtaro wa zamani.

Kisha uliza watu. Nenda kwa shefu wa avenyu au nyumbakumi, kwa sababu ndiye anayeshuhudia kila kazi inayofanyika kwake. Uliza wazee waliokuwapo kabla ya lava. Uliza anayeuza maji kwenye robine ya umma. Mtafute fundi wa tiyo aliyewaunganisha watu wa avenyu ile. Mara nyingi ni mmoja na anajulikana. Kwa jirani piga hodi kwa heshima: "Samahani mama, tunataka kuchimba fosi huku kwa jirani yenu. Tiyo yenu ya maji inapitiaka wapi? Na kura (umeme), mnavutaka kutoka nguzo gani?" Mama atakuonyesha kwa mkono, na hapo utajua jambo ambalo ramani yoyote haina: kwamba tiyo yake inapita chini ya ukuta wenu, au kwamba waya wake wa umeme umezikwa ndani ya kipande cha plastiki kutoka nyumba ya shemeji yake nyumba tatu juu.

Nyaya hizo za kugawiana ndizo zinazonitia hofu zaidi. Mara nyingi hazina kinga nzuri wala kikata umeme cha kuaminika upande wa pili, na mwenyewe anaweza kuogopa kusema kwa sababu hakuomba ruhusa. Mwambie waziwazi kwamba hukuja kumshitaki, umekuja ili kijana wako asife. Wengi husema.

Hatua ya 3: Zunguka maofisi

Marekani mtu anayetaka kuchimba hupiga namba moja tu, 811, iliyoanza kutumika nchi nzima mwaka 2007, na wenye mabomba na nyaya wanakuja kutia alama kwa rangi. Ufaransa tangu 2012 kuna mahali pamoja kwenye intaneti pa kutoa taarifa ya kazi. Sisi tunazunguka kwa miguu, ofisi moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha, lakini ifanye.

Kwa maji nenda REGIDESO, shirika la maji la taifa, na kama kartye (mtaa) yenu inahudumiwa na mtandao mwingine wa maji, nenda kwa wanaousimamia. Kwa umeme, usidhani ni SNEL, shirika la umeme la taifa, peke yake. Mjini kuna Virunga Energies, inayoleta umeme wa maporomoko kama ule wa Matebe, na kuna Nuru yenye mitambo ya jua Ndosho. Avenyu moja inaweza kuwa na nguzo za watu watatu. Kama utagusa barabara ya mji, ipitie Office des Voiries et Drainage (ofisi ya barabara na mitaro) na ofisi ya komini yako, Goma au Karisimbi. Makampuni ya simu yaulize kama kuna mnara au jengo kubwa karibu.

Omba mambo mawili kwa barua yenye mchoro wako: mpango wa mtandao wao mahali hapo, na ajenti aje mwenyewe kuonyesha. Ukilazimika kuchagua, chagua ajenti. Mpango uliochorwa kabla ya 2002 unaonyesha mji ulio chini ya jiwe, na lava ya tarehe 22 Mei 2021, iliyofika Buhene, iliharibu mabomba na nguzo upande wa kaskazini ambazo zilirudishwa kwa haraka, watu wakiwa na kiu. Kazi ya dharura haichorwi vizuri. Ajenti akija, mwombe atie alama chini mbele yako, piga picha, na jibu la ofisi liwe na mhuri. Ukijibiwa "hapo hakuna kitu", endelea na hatua zinazofuata kana kwamba kipo.

Hatua ya 4: Kifaa cha kutafuta nyaya, na uongo wake

Makampuni makubwa yana kifaa cha kushika mkononi kinacholia kinapopita juu ya waya wa umeme. Ukiweza kukikodi pamoja na mtu anayekijua, kitumie. Lakini jua kinavyofanya kazi. Kinasikiliza mtetemo wa umeme unaopita, na wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kama umeme haupiti, hakuna cha kusikia. Siku ya delestaji, umeme ukikatwa kwa zamu, kifaa kitakuambia ardhi ni safi, na jioni kura ikirudi waya uko palepale. Kwa hiyo pima wakati taa zinawaka, na waombe majirani wawashe pasi au jiko la umeme ili waya uwe na mzigo.

Vifaa vizuri zaidi vina kipande cha pili kinachotuma ishara: unakifunga kwenye waya au kwenye bomba la chuma mahali linapoonekana, kisha unafuata ishara hiyo ardhini. Hiyo inasaidia hata umeme ukiwa umekatika.

Tiyo ya plastiki haisikiki hata kidogo, na karibu tiyo zote za nyumba zetu ni plastiki. Kifaa cha kutafuta chuma nacho kinahangaika hapa, kwa sababu mawe ya volkano yana chembe za chuma ndani yake, na kinaweza kulia juu ya jiwe tupu. Ukiona kimelia, chukulia kuna kitu. Kikinyamaza, usichukulie chochote.

Hatua ya 5: Shimo la majaribio

Pale unapodhani kuna bomba au waya, na pale unapotaka kuanza kazi, chimba kwanza mashimo madogo kwa mkono, yakikata njia ya bomba kwa upana. Ukiyachimba sambamba nalo utalipita bila kuliona. Ondoa kokoto kwa beleshi lisilo na ncha kali, na ukikaribia tumia mkono wenye glovu. Mtalimbo uliochongoka usipigwe wima kama mtu anayetwanga. Ulaze, kwangua, nyanyua jiwe moja moja.

Ukikuta utepe au wavu wa plastiki, simama. Kwa rangi za Kifaransa, ambazo mafundi waliosomea kwetu wanazijua, nyekundu ni umeme, buluu ni maji, kijani ni simu na intaneti, kahawia ni maji machafu. Kwa Wamarekani kijani ni maji machafu na simu ni rangi ya machungwa, na miradi ya msaada imeleta vifaa kutoka nchi nyingi, kwa hiyo rangi ikuambie "kuna kitu" tu, usiibebe kama jina lake. Na Goma mara nyingi hakuna utepe kabisa, kwa sababu hapakuwa na kina cha kuuweka.

Kila waya unaoukuta chukulia una umeme, hata ukiwa na kutu, hata ukiwa umekatwa ncha. Ni mwenye mtandao tu anayeweza kuuzima, naye athibitishe mbele yako kwa kipimo chake. Hapa pia delestaji isikudanganye: umeme uliokatika saa nne unaweza kurudi saa nne na dakika moja, mkono wa mtu ukiwa juu ya waya.

Kama bomba halionekani pale ulipolitarajia, panua shimo upande wa kushoto na kulia mpaka ulipate. Kutoliona hakumaanishi halipo.

Hatua ya 6: Kupasua jiwe

Sehemu hii vitabu vya nchi zenye udongo haviisemi. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza mashine ndani ya sentimita 45 hadi 60 kila upande wa alama. Kwenye udongo hiyo inatosha, kwa sababu udongo hukatika pale jino la mashine lilipoingia. Lava haikatiki hivyo. Unapiga hapa, jiwe linapasuka kule kwenye ufa wake, na bonge la kilo mia mbili linainama na kulibana bomba ambalo hata hukulifikia. Kwa hiyo mimi nashauri mita moja kila upande kwa nyundo kubwa na kabari, na mita moja na nusu kwa nyundo ya hewa au ya mashine. Bomba likiwa la zamani, la saruji au chuma kilichoshikwa na kutu, ongeza zaidi, kwa sababu mtetemo peke yake unafungua viungo vyake.

Kabla ya kupasua, soma nyufa za jiwe. Fagia vumbi, mwaga maji kidogo, uone ufa unaelekea wapi. Kama unaelekea kwenye bomba, anzia kupasua upande ulio karibu nalo kwa vipande vidogo, ili utengeneze mwanya kati ya bomba na kazi kubwa. Baada ya hapo bonge likipasuka litasimama kwenye mwanya. Kabari ziingizwe ili jiwe lifunguke kuelekea kwako, mbali na bomba.

Bomba likibaki wazi ndani ya mtaro, usiliache lining'inie. Litegemeze kwa ubao na kamba pana kila baada ya mita moja hivi, na usimruhusu kibarua alikanyage kama ngazi. Dereva wa mashine awe na mtu mmoja wa kumwangalia, ambaye hana kazi nyingine, na ishara ya mkono wa kusimama ikitolewa na mtu yeyote, hata mpishi wa shantye (mahali pa ujenzi), mashine isimame.

Jambo jingine linalotuhusu sisi hasa: mazuku. Upande wa magharibi, kuelekea Bulengo na Sake, gesi ya kaboni hutoka ardhini na kukaa mabondeni, na shimo unalochimba ni bonde jipya. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na inaua wanyama na watu. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, ndipo inapojaa. Mtu asishuke peke yake, asishuke bila kamba iliyofungwa kiunoni na watu wawili juu. Wengi hutumia mshumaa kupima. Moto ukizimika, usishuke, lakini moto ukiwaka usijione umepona, maana mwili huanza kuumizwa kabla mshumaa haujazimika. Kifaa cha kupima gesi ndicho cha kuaminika. Mwenzako akianguka ndani, mvute kwa kamba. Anayeruka kumfuata mara nyingi hulala kando yake.

Hatua ya 7: Ukigonga kitu

Waya wa umeme: kila mtu aondoke na asiguse chochote, wala mtalimbo uliobaki kwenye shimo. Dereva akae ndani ya mashine bila kushika chuma mpaka wenye umeme waseme wameuzima. Kama mashine inawaka moto na lazima atoke, aruke miguu ikiwa pamoja, asishike mashine huku akigusa ardhi, kisha asogee kwa hatua ndogondogo za kuburuta nyayo, mita kumi au zaidi. Aliyeshikwa na umeme msimguse kabla haujazimwa. Ukizimwa na hapumui, anzeni kumsukuma kifua mara moja, na apelekwe hospitali hata kama ameamka na anasema yuko salama, kwa sababu moyo unaweza kusimama baadaye.

Tiyo ya maji: funga vali iliyo karibu, ita wenye mtandao, na tuma mtoto au kijana nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani wasinywe maji ya robine bila kuyachemsha au kuyatia klorini, mpaka bomba litengenezwe na kusafishwa kwa kumwaga maji ya kwanza. Msifunge kwa kipande cha mpira wa baiskeli na kufukia.

Hata mkwaruzo mdogo kwenye ganda la waya, usiufiche. Unyevu utaingia, na waya utalipuka miezi baadaye, mtu mwingine akiwa juu yake.

Hatua ya 8: Kufukia

Mabomba mengi hapa hayafi kwa sururu, yanakufa kwa kufukiwa vibaya. Kipande cha lava kina ncha kama chupa iliyovunjika. Kikilala juu ya tiyo ya plastiki, kila gari likipita kinasaga, mpaka kinatoboa. Tandika mchanga laini sentimita kumi chini ya tiyo, mwingine sentimita ishirini juu yake, ushindilie kwa mguu pande zote mbili, kisha ndipo urudishe kokoto. Kama mwamba haukuruhusu kina cha kutosha, ilaze tiyo ndani ya bomba jingine kubwa zaidi au uifunike kwa vibao vya saruji. Juu weka utepe wa rangi. Kama tiyo ni mpya na ya plastiki, lalisha pamoja nayo waya mwembamba wa shaba, ncha zake zikitokea kwenye boksi la konteri, ili kesho kifaa kiweze kuisikia.

Mwisho, kabla ya kufukia kabisa, piga picha ukiwa umeweka mita ya fundi kando ya bomba, na uandike vipimo kwenye mchoro ule wa kwanza. Pima kutoka kwenye kona mbili za nyumba, usipime kutoka kwenye mti wala ukuta wa mbao. Nakala moja iwe ya mwenye parsele, moja ya shefu wa avenyu, moja ya wenye mtandao. Na kina kiandikwe kutoka juu ya mwamba, kwa sababu barabara itamwagiwa kokoto tena na kuinuka, na kipimo cha kutoka juu ya barabara hakitakuwa cha kweli tena.